Rangi ya Matete

Mimi ni fundi rangi, na siwezi kutofautisha nyekundu na kijani. Kwa miaka kumi na tisa gereji nzima haikujua. Siku ya kujua ilipofika, nilikuwa nimesimama mbele ya boti ya watu niliyoipaka rangi isiyo yake, na nilikuwa na saa sita za kuirekebisha.

Si upofu. Naona vizuri kuliko wengi. Sindano ikianguka, wa kuiokota ni mimi. Ila nyanya mbichi na nyanya iliyoiva kwangu ni pacha. Nilipokuwa mdogo mama alikuwa akinituma bustanini, narudi na mbichi, ananicharaza akidhani ni ukaidi. Nikajifunza kubonyeza. Nilijua kubonyeza nyanya kabla sijajua kusoma, na kusoma kwenyewe hakukunifikisha mbali. Darasa la sita nilichoka na shule, nayo ikanichoka, tukaachana kwa amani.

Utauliza mtu wa namna hiyo alifikaje kwenye rangi. Kwa msasa. Nilianza kwa kuwasugulia wenzangu magari, nikapanda polepole, na nilipofika kwenye kupuliza rangi nikakuta kazi yenyewe haidai macho kama watu wanavyodhani. Kila gari lina namba ya rangi yake imegongwa kwenye kibati. Unapeleka namba dukani, mashine inachanganya, unaletewa kopo limeandikwa. Kinachobaki ni mkono, na mkono ninao. Kwenye kutofautisha giza na mwanga wa rangi ndipo hanisogelei mtu. Bonde la unene wa karatasi kwenye mlango wa gari nitakuonyesha kwa kidole nikiwa getini. Makopo ya mabaki, yasiyo na maandishi, mke wangu alikuwa akiyachonga kifuniko kwa msumari. Yeye peke yake ndiye aliyejua. Alama moja ni nyekundu, mbili ni kijani, tatu ni kahawia. Nyundo, fundi wetu wa bodi, alikuwa akisema zile alama ni hesabu ya watoto wangu wa nje.

Gereji ni ya mume wa dada yangu mkubwa. Nyumbani ni shemeji, kazini ni Bosi. Mimi waliniita Mkavu, kwa sababu sina maneno ya sukari. Mteja akiniuliza gari lake likoje, namwambia likoje.

Sasa kuna jambo lazima niliseme hapa, maana bila hilo hutaelewa kwa nini siku ile niliogopa kiasi kile. Miaka minne kabla ya boti, mwalimu mmoja alileta gari lake, rangi ya majani makavu, mlango umegongwa. Rangi ilikuwapo stoo, kopo la mabaki. Stoo ilishikwa na mwanamke tuliyemwita Mama Stoo, dada yake Nyundo, mkubwa kwake kwa miaka minane, ndiye hata aliyemtafutia Nyundo kazi pale. Alinipa kopo. Nikaliweka mezani kando ya kopo jingine la rangi ya kutu iliyopauka, nikaenda kunywa maji, nikarudi, nikachukua lisilo lake. Katika chumba cha kupulizia taa ni za njano, kila kitu kinafanana hata kwa wenye macho. Gari lilipotolewa juani, mlango ulikuwa wa gari jingine. Mwalimu alipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Bosi akaniuliza. Nikasema nimepaka nilichopewa na stoo.

Mama Stoo alisema alinipa kopo sahihi. Alisema mara tatu, kwa sauti ileile. Lakini ilikuwa neno lake dhidi ya neno la ndugu wa mke wa mwenye gereji. Aliondoka siku hiyohiyo na mfuko wake wa nailoni na kikombe chake cha chai.

Nilikuwa na watoto watatu shuleni. Ndivyo nilivyojiambia.

Sasa boti. Ililetwa Jumanne juu ya trela na daktari wa meno mstaafu, mwenyekiti wa chama cha wawindaji wa bata. Ni mtu mrefu, mpole, ukiongea naye anakutazama mdomo badala ya macho, mpaka unajikuta unafunga kinywa. Boti ilikuwa bapa, ya mbao, mita tatu na nusu, kina chake kimefika magotini. Msimu wa kuwinda ungefunguliwa Jumamosi alfajiri. Alitaka ipakwe ifanane na matete ya bwawani, na alileta na tita la matete yenyewe, limefungwa kamba, kama mtu anayeleta kitambaa kwa fundi cherehani. Alitueleza kwamba bata anaona rangi kuliko binadamu. Ukivaa shati lisilofaa, yeye keshajua ulivaa nini jana. Chama kina boti nyingine kumi na moja. Hii ikikubali, zote zitakuja kwetu.

Bosi alinivuta pembeni. Magari yalikuwa yamepungua, gereji mbili mpya zilikuwa zimefunguliwa barabara ya juu, na nilijua hilo bila kuambiwa. Aliniambia boti hizo zikija, ananifanya msimamizi wa rangi, niwe na watu wangu chini yangu. Halafu akasema, "Shemeji, hii haina namba. Hii ni jicho lako tu."

Nikamwambia hakuna shida.

Usiku mke wangu aliniambia niugue. Alisema kuna malaria, kuna mgongo, kuna jino, nichague. Nilimwambia boti ni ya daktari wa meno, jino atalichungulia mwenyewe. Hakucheka. Kesho yake, kabla hajaenda zamu yake ya wodini, alikwenda dukani, akanunua rangi kwa macho yake mwenyewe akiwa na tete moja kwenye pochi. Alinunua njano ya majani makavu, kijani kilichoiva cha matete na kahawia ya kivuli. Akachonga vifuniko vyote. Akachonga na kile cha praima nyekundu, ile ya chini, inayopakwa kwenye tako la boti mbao zisioze. Aliniambia nisiondoe macho kwenye vifuniko.

Jumatano nilisugua na kuziba nyufa. Alhamisi nilipaka praima chini na njano juu. Njano iling'aa kama kioo, na kitu kinachong'aa majini bata anakiona kutoka wilaya ya jirani. Dawa ya kung'aa ni poda ya watoto. Unaikoroga kwenye rangi mpaka inakuwa nzito kama uji, ikikauka inakufa kabisa. Muuza duka aliponiona nabeba makopo sita ya poda aliniuliza kama ni mapacha. Nikamwambia ni boti. Akasema basi hongera kwa boti.

Ijumaa asubuhi nilikoroga poda kwenye kijani, nikafungua na praima ili nizibe sehemu ndogo chini iliyokuwa imekwaruzika. Makopo yote mawili yalikuwa wazi juu ya meza, vifuniko kando yake, kila kifuniko mbele ya kopo lake. Poda ikaisha kabla sijafika kwenye kahawia. Nikaenda dukani. Sikukaa hata robo saa.

Wakati huo Nyundo alitaka kukata bati kwa grainda. Vumbi la chuma linaruka, likiingia kwenye rangi umekwisha. Basi akafanya wema. Akaja mezani kwangu, akafunika makopo. Alichukua kifuniko kilichokuwa karibu na mkono wake akakibamiza kwenye kopo lililokuwa karibu na mkono wake. Kuna tofauti gani? Mtu yeyote akitaka kujua ndani kuna nini, anafungua, anatazama.

Nilirudi nikakuta kumefunikwa, nikamshukuru. Nikatafuta kifuniko chenye alama mbili, nikafungua, nikaanza kazi.

Nataka uelewe kwamba nilipaka vizuri. Nililaza matete ya kweli kwenye ubao, nikafuata umbo lake kwa brashi nyembamba, jani refu, jani lililovunjika, jani linalopita nyuma ya jingine. Kama si poda, brashi ingeniambia, maana praima ni nzito na rangi ya juu ni nyepesi. Lakini poda ilikuwa imezifanya zote uji mmoja. Kila nilipopiga hatua nyuma, niliona boti inaanza kupotea. Nilikuwa na furaha, nisidanganye. Nilikuwa napiga mluzi.

Saa sita mchana Bosi alikuja na daktari wa meno.

Waliingia wakiongea, wakanyamaza. Nilikuwa nimechuchumaa upande wa pili, nikasimama nikijifuta mikono, nikingoja sifa.  Daktari wa meno alizunguka boti taratibu, mikono nyuma. Bosi alinitazama, akatazama boti, akanitazama tena. Kule kwenye jiriwa yake, kibanio cha chuma, Nyundo alikuwa ameacha kugonga.

Mimi nilitazama boti. Niliona matete. Nilitazama nyuso zao, nikaona kama watu waliofungua mlango wakakuta siyo nyumba waliyoijia. Kuna kitu walikiona mbele ya pua yangu, na mimi siwezi kuuliza ni kitu gani. 

"Mkavu," Bosi akasema, "mbona kama matofali?"

Hapo nikajua. Matofali ni mekundu. Kila mtu anasema matofali ni mekundu.

Nikasema hiyo ni ya chini. Nikasema maji ya bwawani yana magadi, yanakula rangi, kwa hiyo nimetanguliza praima kila mahali kijani kitakapopita, kishike. Ulimi ulikwenda wenyewe. Bosi alishusha pumzi, akamgeukia mteja na kuanza kumweleza habari ya magadi kana kwamba aliijua tangu kuzaliwa.

Daktari wa meno aliinama, akakaribisha pua kwenye jani moja. Aliniuliza kwa upole kwa nini praima nimeipa umbo la majani, na mishipa yake, na mikunjo yake.

"Ili nijue pa kupita," nikasema.

Alinitazama mdomo kwa muda. Kisha akasema atarudi na gari saa kumi na mbili jioni kuchukua boti, maana safari ni alfajiri na njia ni mbaya. Wakatoka.

Nilibaki na makopo mawili. Vifuniko vilikuwa vimebadilishwa, hilo sasa lilikuwa wazi, lakini je, ni hivyo viwili tu? Kahawia nayo? Nilifungua yote, nikayapanga. Ya kahawia niliijua kwa giza lake. Hayo mawili yalikuwa yamesimama kama watu wawili waliovaa sare. Niliyotumia ilikuwa imepungua, kwa hiyo kopo la kijani lazima liwe lile lililojaa zaidi. Lakini praima nayo ilikuwa imetumika jana, na asubuhi katika kukoroga nilikuwa nimemimina huku na huku. Tofauti ilikuwa ya nusu kidole. Nilinusa. Yote yalinuka poda ya mtoto, maana vumbi lake lilikuwa limejaa meza nzima. Nilimpigia mke wangu, simu yake ilikuwa imezimwa, wodini haziruhusiwi. Simu yangu ni ya batani, haina picha ya maana, na hata ingekuwa nayo ingempata wapi?

Ungesema ningebahatisha. Ningeweza. Lakini nikibahatisha vibaya mara ya pili, na matete yawe mekundu tena juu ya mekundu, hakuna magadi ya kunitoa.

Kuna ujanja nilioutumia miaka yote, na haukuwahi kuniangusha. Nilimwambia Nyundo, bila kugeuka, kama mtu mwenye haraka, "Nisogezee kopo la kijani hapo, mikono yangu ina thina."

Nyundo aliweka nyundo chini. Nilisikia anatembea. Akachukua kopo, akaniletea, akaliweka karibu na goti langu. Nikachovya brashi, nikapaka jani la kwanza. La pili. Nilipofika la tatu nikagundua hajaondoka.

"Kaka," akasema, "hiyo ni nyekundu."

Nikasema najua, kuna mahali narudishia.

"Mahali gani?"

 Akaenda mezani. Nilisikia anamimina kitu, sikugeuka, nilikuwa natafuta uongo mwingine na siku hiyo ulikuwa umeadimika. Akarudi na makopo mawili, akayaweka sakafuni mbele yangu, moja kila upande.

"Nionyeshe la kijani."

Nilimwambia aache mchezo, tuna kazi. Akasema hachezi. Nikatazama kopo la kushoto, nikatazama la kulia. Nilitafuta kivuli, nilitafuta ukingo uliokauka, nilitafuta chochote. Nikaelekeza brashi kushoto.

Nyundo hakupandisha sauti. "Yote ni nyekundu," akasema. "Nimemimina ileile kwenye kopo tupu. Na lile la kwanza nilikuletea makusudi, tangu mchana nina shaka."

Nikakaa chini, kwenye sakafu, kwenye maji ya msasa. Nilidhani atacheka. Nyundo anacheka kila kitu, alicheka hata siku jeki ilipomwangukia kidole. Alikuwa amesimama tu, midomo inatembea bila sauti, kama mtu anayefanya hesabu ndefu kichwani. Niliona hesabu inakwenda wapi. Nilitamani nisimame niende zangu.

"Gari la mwalimu," akasema.

"Ndiyo."

"Dada alikupa kopo sahihi."

"Alinipa sahihi."

Alirudi kwenye meza yake akachukua nyundo. Ile kubwa, ya kilo mbili. Akaja nayo mpaka kwenye boti, akasimama kati yangu na mlango. Kichwa cha nyundo kilikuwa kinagonga ubao wa boti kidogo kidogo, tok, tok, bila yeye kujua. Nilifikiri, akipiga boti, nimekwisha. Halafu nikafikiri, akinipiga mimi, nitakaa kimya, ni haki yake.

Akasema, "Miaka minne namwambia dada yangu akubali tu kwamba alikosea. Mimi. Kila akija kwangu naanza. Namwambia dada, kukosea ni ubinadamu, acha kiburi. Mwaka juzi alinyanyuka kwenye chakula changu akaondoka, hajarudi mpaka leo."

 Ningesema samahani ningekuwa namtukana.

Aliweka nyundo juu ya meza, polepole, kama kitu kinachoweza kulipuka. Akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia karibu na boti. Aliniambia nichukue brashi. Alikwenda kuleta kopo la kijani lenyewe na akaniambia atakuwa ananitajia. Nilimuuliza kwa nini. Alisema boti haijamkosea, na hataki nije niseme nilishindwa kwa sababu yeye alinikatalia macho. Nimalize kwanza. Saa kumi na mbili, Bosi na daktari wa meno wakiwa wamesimama mbele yangu, niseme ukweli kwa mdomo wangu. Nisiposema, atasema yeye.

Tulifanya kazi mpaka jioni. Sijawahi kufanya kazi namna ile. Yeye anataja, mimi napaka. Kijani. Kijani. Hapo umepitiliza, rudi. Hapo chini pana nyekundu inachungulia. Hapana, kushoto. Kushoto kwako. Hakuna utani, hakuna "kaka". Mara moja nilisema kahawia ikipita nyembamba juu ya kijani itatoa kivuli cha maji, akasema paka basi, nikapaka, akasema, kwa shida, kwamba imetoka vizuri. Ilipofika saa kumi na moja na nusu, hata mimi nilipofumba jicho moja, boti ilikuwa imekwenda. Kulikuwa na matete ndani ya banda, basi.

Na wakati wote huo nilikuwa nafikiri. Sitajifanya malaika. Nilifikiri hivi: nikinyamaza, Nyundo atasema. Akisema, nani atamwamini? Ni ndugu wa aliyefukuzwa, ana kinyongo, na boti hii hapa, imependeza, nani kasema kipofu wa rangi anaweza kupaka hivi? Watamwona mwongo na mwenye wivu. Pengine atafukuzwa naye. Nilihitaji kufanya kitu kimoja tu, kile nilichokuwa nimekifanya miaka minne nyuma, na kilikuwa rahisi sana mara ya kwanza.

Daktari wa meno alifika dakika tano kabla ya saa, amevaa koti lake la kuwindia. Alichukua tita la matete, akaliegemeza kwenye ubavu wa boti, akarudi nyuma hatua ishirini mpaka nje ya banda. Alisimama pale. Kisha akacheka peke yake, kicheko cha mtoto. Akamwambia Bosi zile kumi na moja zitaanza kuja Jumatatu, na anataka mkono huuhuu, asiletewe mwingine. Bosi akanipiga bega. Akasema mbele ya mteja kwamba kuanzia Jumatatu msimamizi wake wa rangi ni huyu, shemeji yake, jicho lake.

Nyundo alikuwa kwenye jiriwa yake, ametugeuzia mgongo. Hakugeuka. Alikuwa ameshika kipande cha bati na hakukifanyia kitu.

Nilitazama ule mgongo.

"Mimi sioni nyekundu na kijani," nikasema. "Rangi za boti hii amenitajia Nyundo, jani kwa jani."

Walicheka wote wawili. Bosi akasema Mkavu leo amejifunza utani uzeeni. Nikarudia. Bosi akaacha kucheka kidogokidogo, kama redio inayoishiwa betri. Daktari wa meno, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alinitazama macho. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa risasi za bunduki ya bata, zile nene zenye ganda la plastiki. Sita. Akazimwaga kwenye kiganja.

"Tatu nyekundu, tatu kijani," akasema. "Nipe nyekundu."

Nilichagua tatu, nikamwekea kwenye mkono wa pili. Alizitazama, kisha akanyoosha kiganja Bosi aone. Nilikuwa nimempa moja nyekundu na mbili za kijani.

Nikasema na lililobaki, kabla ulimi haujabadili njia. Gari la mwalimu lilikuwa kosa langu. Mama Stoo alinipa kopo sahihi, nami nilijua siku ileile.  Bosi aliniuliza kitu kimoja tu, kama dada yangu alijua. Nikasema hapana. Akasema, "Afadhali," akanyoosha mkono nimpe funguo za gereji. Nikampa.

Boti iliondoka kwenye trela yake saa kumi na mbili na robo. Nasikia waliua bata kumi na wanne.

Jumapili Bosi alimwita Mama Stoo gerejini, nami nikaitwa. Alikuja, hakukaa. Nilisema niliyosema Ijumaa, palepale, amesimama mbele yangu na pochi mkononi. Bosi alimwambia stoo iko wazi, arudi hata kesho. Alisema hapana, ana kazi yake sasa na hawezi kukaa tena chini ya paa lile. Alitaka barua. Alitaka iandikwe kwamba hakukosea, Bosi atie sahihi, nami nitie sahihi chini yake. Alisoma mara mbili, akaikunja, akaondoka. Kwangu hakusema neno. Mlangoni Nyundo, aliyekuwa akimngoja, alimwita dada, naye akampita.

Basi imenigharimu hivi. Kazi ya miaka kumi na tisa. Usimamizi nilioushika kwa dakika tatu. Boti kumi na moja, amezipaka fundi mwingine, na nimeziona, si nzuri. Dada yangu hajakanyaga kwangu miezi saba. Nyundo nikikutana naye barabarani ananisalimia kama unavyomsalimia askari. Siku hizi nasugua magari ya watu kwa msasa, mtaa wa nne kutoka pale, chini ya kijana wa miaka ishirini na sita. Hiyo ni gharama ya kwangu, na nimeihesabu mara nyingi. Mama Stoo imemgharimu miaka minne, na mezani kwa mdogo wake hajakaa bado.